MEMORI YA MASERVERI, NA ILE HESABU YA 4 + 4



Ku soko na mu maduka ya telefone mumekwisha kuona masanduku yenye maandiko haya: « RAM giga 8 (4+4) ». Muuzaji anasema: hii ni giga 8, ongeza feza kidogo. Mutoto anamuomba mzazi wake aongeze, na mzazi anaongeza. Mu seksyo yetu ya Math-Fizika watu walibishana sana juu ya ile hesabu. Wengine walisema 4 na 4 ni 8 tangu darasa la kwanza, maneno yamekwisha. Wengine walisema haiwezekani telefone ya beyi ndogo ikuwe na 8 ya kweli. Hawa wa pili njo wako na haki. Ku kaye ya hesabu 4 na 4 ni 8, lakini ku memori hapana, kwani ile 4 ya kwanza na ile 4 ya pili hazikai fasi moja.

Nilipotafuta ginsi ya kueleza hilo, nikaona kama jambo lenyewe linapita telefone. Shida ya telefone ya mwanafunzi njo shida ile ile ya mashini kubwa za dunia, zile zinatunza barua, picha na video za watu wote. Wenye hizo mashini wako na feza mingi, na bado wanasumbuka juu ya memori hata leo. Basi tuanze kwao, halafu telefone tutaielewa pasipo nguvu.

Serveri ni ordinateri kama zingine, lakini hakuna mutu anakaa mbele yake. Kazi yake ni kujibu. Ukituma ujumbe wa WhatsApp, ule ujumbe hauruki moja kwa moja mpaka ku telefone ya rafiki yako. Unapita ku serveri, ile inaupokea na kuupeleka mbele. Maserveri yanapangwa maelfu kwa maelfu mu nyumba kubwa yenye umeme wa saa zote na hewa ya kupoza, na nyumba ya namna hiyo inaitwa data senta. Ndani ya kila serveri kuko prosesa, ile inafanya hesabu. Kuko disiki, ile inatunza vitu hata umeme ukikatika. Katikati yao kuko memori, ile watu wanaiita RAM. Memori ni meza fasi prosesa inafungulia kaye zake wakati inatumika.

Fikiri wakati wa etidi ya mangaribi. Uko na meza mbele yako, na uko na sanduku lako chini ya kitanda mu nyumba ya kulala. Buku ikiwa ku meza, unanyosha mukono tu. Buku ikiwa mu sanduku, unapaswa kuomba ruhusa, kuvuka kiwanja, kufungua kufuli, kutafuta, kufunga tena, kurudia. Buku ni ile ile, haikuongeza hata ukurasa mumoja. Ule mwendo njo unakula saa yako.

Tupime ule mwendo ku ordinateri. Prosesa ikiomba kitu mu memori, inangoja karibu nanosekunde 100. Nanosekunde moja ni sekunde yenye kugawanywa mara milyari moja, na hakuna mutu anaweza kuona kitu kama hicho mu kichwa chake. Tufanye kama mu fizika, tupanue eshele. Tuseme nanosekunde 100 ni dakika moja. Ku ile eshele, disiki ya kisasa isiyozunguka, ile ya SSD, inajibu karibu kiisha saa 16 na dakika 40. Disiki ya zamani yenye kuzunguka inajibu kiisha siku 69. Rudieni kusoma: dakika moja, saa 16, siku 69. Mutu akielewa hizi namba tatu, amekwisha kuelewa nusu ya makala hii.

Sasa sanduku la telefone. Ile 4 ya kwanza ni memori ya kweli, ya dakika moja. Ile 4 ya pili ni kipande cha stockage, ile fasi ya kutunza picha na nyimbo, ambacho telefone imejikopesha. Telefone inapeleka kule programu ambazo haujagusa tangu asubuhi, kusudi isizifunge kabisa. Siwezi kusema ni uongo mutupu, kwani inasaidia kidogo. Lakini mutu akilipa beyi ya 8, amelipa meza na amepewa sanduku. Ukienda kununua, angalia namba ya kwanza tu.

Turudie ku maserveri. Mutu atauliza: kama memori inakosa, sababu gani wasiongeze tu? Feza si wako nayo? Jibu ni refu, na njo fasi jambo linakuwa tamu.

Memori tunayotumia leo ilifikiriwa mwaka 1966 na Robert Dennard, muinjinia wa IBM mu Marekani, na haki yake iliandikwa mwaka 1968. Mawazo yake ni mepesi kwa namna ya kushangaza. Kila biti, maana yake kila 0 ao 1, inatunzwa mu kondensateri moja ndogo sana, na mbele yake kuko transistori moja kama mulango. Kondensateri ikiwa na umeme, ni 1. Ikiwa tupu, ni 0. Mwaka 1970 kampuni ya Intel iliuzisha kipande cha memori ya kondensateri, jina lake 1103, chenye biti 1024. Kwa biti 1024 hauwezi kuandika hata mustari miwili ya makala hii. Bareti moja ya serveri siku hizi inaweza kubeba giga 256.

Lakini kondensateri ni ndoo yenye tundu. Umeme unavuja. Kwa hiyo memori inapaswa kujisoma na kujijaza upya yote nzima, kwa kawaida mara moja kila milisekunde 64, usiku na mchana, hata kama hakuna mutu anaitumikisha. Hapo njo kuko mutego. Ili kuweka biti nyingi zaidi fasi moja, unapaswa kupunguza ndoo. Ukipunguza ndoo, maji inayoshika ni kidogo, na ile tundu haijapungua kwa kipimo kile kile. Transistori za prosesa ziliendelea kupungua mwaka kwa mwaka. Kondensateri ya Dennard ilianza kukataa. Hii njo sababu beyi ya memori haishuki tena kwa mbio za zamani. Mu serveri za Microsoft memori peke yake inaweza kufika nusu ya beyi ya serveri nzima.

Shida ya pili ni njia. Bareti za memori hazigusi prosesa fasi yoyote. Zinapita mu njia zenye kuhesabiwa. Angalieni prosesa za EPYC za kampuni ya AMD. Mwaka 2017 prosesa moja ilikuwa na vichwa 32 vya kufanya hesabu na njia 8 za memori. Mwaka 2024 ilifika vichwa 192, na njia ni 12. Gawanya: zamani vichwa 4 kwa njia moja, sasa vichwa 16 kwa njia moja. Ni kweli njia ya leo iko na mbio zaidi ya mara mbili ya ile ya 2017, lakini vichwa vimeongezeka mara sita. Na hawawezi kuongeza njia kama mutu anaongeza benchi mu darasa, kwani kila bareti iko na meno 288 na kila njia inaomba nyuzi zake mpaka ku prosesa. Ile fasi prosesa ya AMD inakalia ilikuwa na pini 4094 ku mwaka 2017. Ku 2022 ilifika pini 6096. Ni kipande ambacho unaweza kukifunika kwa kiganja cha mukono.

Wengine wanaongeza bareti ya pili ku njia ile ile. Inawezekana, lakini mara mingi mbio zinashuka. Wengine wananunua bareti kubwa kabisa, lakini zile zinatengenezwa kwa kupandisha vipande kimoja juu ya kingine, na beyi ya kila giga inapanda sana. Giga 256 mu bareti moja haina beyi ya giga 64 mara inne, inapita.

Sasa nafika ku jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote. Wakati wenye data senta wanalia memori, mu data senta zao memori inalala bure.

Ili kuelewa, fikiri refektwari. Kila meza iko na viti na sahani zake. Ili mwanafunzi akule, anaomba kiti kimoja na sahani moja. Kimoja pasipo kingine hakimusaidii. Meza ya kwanza iko na viti kumi na sahani kumi na tano: wanakaa kumi, sahani tano zinabakia tupu. Meza ya pili iko na viti kumi na sahani saba: wanakaa saba, watatu wanasimama. Na kuko sheria moja kali: sahani haihami meza. Basi watatu wanasimama na njaa mbele ya sahani tano tupu, na mutu akihesabu sahani za refektwari nzima atasema zinatosha.

Mu data senta, viti ni vichwa vya prosesa na sahani ni memori. Makampuni kama Microsoft hayatumii serveri zote kwa kazi yao; yanazikodisha vipande vipande. Mutu anakodi vichwa fulani na giga fulani. Vichwa vyote vikikwisha kukodiwa, memori iliyobakia mu ile serveri haina mutu wa kuitumia, na serveri ya jirani haiwezi kuigusa, kwani imefungwa ku prosesa yake kwa zile njia nimesema. Watafiti wa Microsoft walipima jambo hilo mu maserveri yao wenyewe, na walitoa matokeo yao ku miaka 2022 na 2023. Waliona kama wakati vichwa vinakaribia kukodiwa vyote, memori yenye kukwama hivi inaweza kufika 25 kwa mia. Waliona tena kitu kingine: karibu nusu ya zile ordinateri za kukodi hazikugusa hata nusu ya memori ambayo wenyewe wanailipia. Ni kama mwanafunzi anachukua sahani mbili « labda nitaongeza », halafu anakula mu moja. (Tunamujua. Sitaji jina.)

Dawa ya kwanza ni kufagia nyumba mbele ya kujenga ingine. Google walionyesha ku mwaka 2019 kama sehemu kubwa ya memori ya maserveri yao ni ya baridi, maana yake inashika vitu ambavyo hakuna mutu amevigusa tangu dakika kadhaa. Waliikamua. Kukamua memori ni kama kufanya resume ya kaye: maneno yale yale yanakaa fasi ndogo, na siku ukihitaji unayapanua tena. Kupanua kunachukua wakati kidogo, lakini si kama safari ya mpaka ku disiki. Meta, wenye Facebook na WhatsApp, walifwata njia yao; mwaka 2022 walieleza kama programu yao inaangalia ni kazi gani inaweza kuvumilia kungoja, na ile inapelekewa memori yake ya baridi ku fasi ya beyi ndogo. Walisema waliokoa kati ya 20 na 32 kwa mia ya memori, mu mamilioni ya serveri. Fikirini: mamilioni ya serveri, pasipo kununua bareti hata moja. Telefone nyingi za Android zinafanya kazi hiyo hiyo ya kukamua, na hakuna mutu aliandika hilo ku sanduku.

Dawa nyingine ilikufa. Intel na Micron walitangaza mwaka 2015 memori ya namna mpya, isiyotumia ndoo ya Dennard, ambayo haivuji na haisahau hata umeme ukikatika. Jina la biashara la Intel lilikuwa Optane. Tangu mwaka 2019 bareti zake zilichomekwa mu serveri fasi ya memori ya kawaida, mpaka giga 512 kwa bareti moja. Ku eshele yetu ilikuwa inajibu kiisha dakika tatu na kitu: si meza, lakini si sanduku. Mimi naona mawazo yalikuwa mazuri sana. Lakini wanunuzi hawakutosha, bareti zile zilifanya kazi na prosesa za Intel tu, Micron waliacha mwaka 2021, na mwezi wa saba wa mwaka 2022 Intel walisema wanafunga ile kazi. Wale waliopanga data senta zao juu ya Optane walipaswa kuanza upya.

Dawa ya tatu njo inazungumzwa leo, na jina lake ni herufi tatu: CXL. Ilianza mwezi wa tatu wa mwaka 2019, Intel wakiwa pamoja na Google, Microsoft, Facebook, Alibaba na wengine. Kulikuwa vikundi vingine viwili vyenye mawazo ya karibu, Gen-Z na OpenCAPI. Ku mwaka 2022 vyote viwili vilikuwa vimeikabizi CXL kazi yao. Wapinzani kukubali kuunga mukono mapatano moja si kitu ya kila siku mu biashara ile.

CXL inafanya nini? Mu kila serveri, kando ya njia za memori, kuko njia zingine za kuchomekea vyombo: karte ya rezo, disiki, karte ya picha. Zile zinaitwa PCIe, na zinaomba nyuzi chache kuliko njia ya memori. Zamani prosesa haikuweza kusoma kitu cha upande ule kama inavyosoma memori yake. Ilipaswa kuagiza, kungoja furushi, kulifungua ku meza. CXL ni mapatano ya lugha mu nyuzi zile zile, yanayowezesha prosesa kunyosha mukono na kusoma neno moja tu mu memori yenye kuchomekwa kule, sawa vile iko yake. Prosesa za kwanza za serveri zenye kuelewa lugha ile zilitoka kwa AMD mwezi wa kumi na moja wa 2022, na kwa Intel mwezi wa kwanza wa 2023.

Faida ya kwanza ni nyepesi: bareti zaidi, pasipo njia zaidi. Faida ya pili njo kubwa. Mapatano ya CXL 2.0, ya mwisho wa mwaka 2020, yanaruhusu kutoa memori nje ya serveri, kuiweka mu sanduku moja katikati ya maserveri mengi, na kumupa kila mumoja kipande anachohitaji leo; kesho kipande kile kinarudi na kwenda kwa mwingine. Mapatano ya 3.0, ya mwezi wa nane 2022, yanaruhusu hata serveri mbili zisome kipande kile kile kwa wakati mumoja. Kumbe sahani zinatoka ku meza na kuwekwa mu kabati katikati ya refektwari.

Lakini kabati iko mbali kuliko meza. Memori yenye kupita mu CXL inajibu karibu mara mbili polepole, tuseme dakika mbili ao mbili na nusu ku eshele yetu, na kabati likiwa la watu wengi zaidi mwendo unaongezeka. Je, dakika mbili ni mbaya? Inategemea kazi. Kuko programu hazisikii chochote, na kuko zingine zinalegea mara moja. Watafiti wa Microsoft hawakuweka kila kitu mu kabati. Walitengeneza programu ya kubahatisha kwa hesabu: huyu mwenye kukodi hatagusa nusu ya memori yake, basi ile nusu tuitoe mu kabati, hatajua. Tena waliona si lazima refektwari nzima ikuwe na kabati moja. Kabati la prosesa 8 mpaka 16 linatosha kupata sehemu kubwa ya faida. Mwisho wa hesabu yao, beyi ya memori inapungua 7 kwa mia, na kazi zinapoteza mbio kati ya 1 na 5 kwa mia tu.

Rafiki mumoja alisoma ile 7 akacheka: kelele yote hii juu ya 7? Mimi sicheki. Kama memori ni karibu nusu ya beyi ya serveri, na mutu anapanga kununua maserveri mamia ya maelfu, 7 kwa mia ya ile nusu ni mulima wa feza.

Hata hivi si wote wanakubali, na ni haki wasomaji wajue. Ku mwaka 2023 watafiti wa Google waliandika wazi wazi kupinga mawazo ya kabati. Wanasema kwanza, kabati lenyewe na nyuzi zake ziko na beyi, na inaweza kumeza faida yote ya sahani. Pili, programu zinapaswa kuandikwa upya ili kujua kitu gani kikae karibu na kitu gani kikae mbali. Tatu, na hii njo naona iko na nguvu zaidi: serveri za kisasa ni kubwa sana, na vipande watu wanakodi ni vidogo, hivi kuvipanga vizuri ndani ya serveri moja si kazi ngumu. Meza ikiwa ya watu mia mbili, mabaki yanapungua yenyewe. Mimi mwanafunzi sina uwezo wa kuamua kati ya Microsoft na Google. Lakini nikipewa kusema, nasema wafagie kwanza kama Meta, halafu wapime kinachobakia, halafu waongee juu ya kabati. Wengi wanapenda kujenga mbele ya kuhesabu.

Mutu mu refektwari yetu anaweza kuuliza: hayo yote ni ya Amerika, sisi inatugusa wapi? Inatugusa fasi mbili. Ya kwanza ni beyi. Memori karibu yote ya dunia inatengenezwa na makampuni machache, na matatu njo makubwa: Samsung na SK Hynix ya Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Viwanda vyao vinatengeneza memori ya serveri, ya mashini za akili bandia, na ya telefone pia. Data senta za akili bandia zikiagiza nyingi, yale makampuni yanageuza viwanda kwa yule anayelipa vizuri. Mwisho wa mwaka 2025 beyi ya memori ilipanda sana kwa sababu hiyo, na viwanda vya telefone vikaanza kulalamika. Basi kila giga inayolala bure mu data senta inaagizwa mara ya pili ku kiwanda, na yule mzazi anayehesabu feza yake mbele ya duka la telefone iko anashindana na ile agizo pasipo kujua.

Ya pili iko chini ya miguu yetu. Vipande vya memori vinashikwa ku bareti kwa bati, na kasiterite ya kutengeneza bati inachimbwa Walikale. Tantale, ile inatoka mu coltan ya Rubaya kule Masisi, iko mu kondensateri za serveri na za disiki za SSD. Shaba ya Katanga ni ya nyuzi. Mwenye kuchimba na mwenye kubeba mifuko ku mabega ni watu wa inchi yetu, na wengine ni baba na kaka za watu wanaosoma bulletin hii.

Kwa hiyo kazi moja ya Microsoft pamoja na watafiti wa vyuo vikuu, iliyotoka mwaka 2024, ilinipendeza kuliko hesabu ya kabati. Memori ya namna ya DDR5, iliyoandikiwa mapatano mwaka 2020, haiingii fasi ya bareti za zamani za DDR4, na mapengo yake yamekatwa makusudi yasifanane. Hivi kila serveri ya zamani ikitolewa, bareti zake zinatupwa pamoja nayo, hata zikiwa nzima. Lakini mwenye kusimama ku mwisho wa nyuzi ya CXL ni kipande kidogo cha kutafsiri, na prosesa haiulizi bareti gani iko nyuma yake. Walichukua bareti za DDR4 kutoka serveri za zamani, wakazichomeka nyuma ya CXL mu serveri mpya, na zikatumika. Ziko polepole kidogo, lakini zimekwisha kulipwa, na bati yake imekwisha kutoka mu udongo.

Mwenye maulizo, ao mwenye kupinga hesabu ya siku 69, anione mu bibliotheka siku ya Jumatano kiisha etidi. Alete kaye na kalamu, nitaandika eshele ku tablo.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita Math-Fizika